Mwajiri wa Ngokela

Sehemu ya Kumi na Moja

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa bado hewani pale tulipowaacha Jumamosi iliyopita. Chini ya kalamu kulikuwa na karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na swali lenye nafasi ya neno moja tu.

"Nauliza kwa mara ya tatu, Mama Asteria," alisema Nicholaus, mkaguzi wa usalama mahali pa kazi. "Othmar ni mwajiriwa wako, au si mwajiriwa wako?"

Asteria aliitazama mashine yake ya kumenya kahawa. Ilikuwa imezimwa tangu juzi, siku ambayo mkanda wake uliuvuta mkono wa kulia wa Othmar, jirani yake wa miaka ishirini, hadi kwenye puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda huo. Nje ya kiwanda, magunia ya kahawa mbivu, mavuno yake makubwa ya msimu, yalikuwa yamepangwa mpaka barabarani. Yalikuwa yameanza kunuka uchachu.

Akisema ndiyo, yeye ni mwajiri aliyevunja sheria. Akisema hapana, Othmar ni mpita njia aliyejiumiza.

"Sema hapana," alinong'ona Edmund, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Edmund alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi. Aliamini kwamba hakuna karatasi isiyo na mlango wa nyuma.

Asteria alimgeukia mkaguzi.

"Si mwajiriwa wangu. Alikuja ngokela."

Kalamu ilishuka, lakini haikuandika.

"Ngokela ni nini? Mimi si mtu wa huku."

Edmund alicheka. "Bwana Mkaguzi, umekaa Mbinga miezi mingapi? Watu wanakupikia nini, kama hata ngokela hawajakueleza?"

"Nataka anieleze mwenye kiwanda, mzee wangu, si wewe."

"Ni kusaidiana kazi," alisema Asteria. "Leo majirani wote wanakuja kwangu, tunafanya kazi siku nzima. Mimi ninapika na kutoa togwa. Wiki ijayo tunakwenda kwa mwingine. Hakuna mshahara. Hakuna bosi. Huyo mwajiri unayemtafuta hayupo."

"Siku ya Othmar ilikuwa lini?"

"Jumatatu ijayo. Tungekwenda kumchumia kahawa yake."

Edmund alitabasamu. Alidhani mlango wa nyuma umefunguka.

"Vizuri," alisema mkaguzi. "Sasa nijibu haraka haraka. Injini ni ya nani?"

"Yangu."

"Siku ile aliiwasha nani?"

"Mimi."

"Saa ya kuanza alipanga nani?"

"Mimi."

"Nani alimwambia Othmar asimame upande wa mkanda?"

Asteria aligeuza uso, akautazama mkanda.

"Mama?"

"Mimi."

Nicholaus aliifunga kalamu yake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo lilimtisha Asteria kuliko kelele.

"Basi nisikilize. Shambani kila mtu huja na jembe lake, akichoka hulitua. Hapa watu kumi na wawili walifuata mwendo wa injini moja, na mpini wa kuiwashia ulikuwa mkononi mwako. Sheria haiulizi tu nani alitoa mshahara. Inauliza pia kazi ilikuwa chini ya nani, na mashine ilikuwa chini ya nani."

"Kwa hiyo umeshaamua?" aliuliza Edmund.

"Kuhusu Othmar, bado. Kuhusu mashine, ndiyo."

Alitoa kibandiko chekundu kwenye mkoba wake, akakibandika juu ya injini, akakipiga kwa kiganja mara mbili. Hakuna kuwasha mpaka atakaporidhika. Kisha alichutama kando ya puli na kugusa matundu manne ya nati. Yalikuwa safi, yakimeta.

"Hapa palikuwa na kinga. Ilifunguliwa siku za karibuni. Iko wapi?"

Asteria alielekeza kidole nyuma ya tangi la kuchachushia. Kinga ilikuwa imeegemezwa ukutani, kizimba kikubwa cha wavu wa chuma, kizima kabisa.

"Kwa nini mliitoa?"

"Inachukua nafasi ya watu wawili," alijibu Asteria kwa sauti ndogo. "Ikiwepo, wanaomimina kahawa ni wawili tu. Wengine wanabaki wamesimama. Mtu akija ngokela halafu akasimama bure, ni kama umemwita umdharau. Bila kinga, wanne wanaenea."

Mkaguzi aliinuka, akapangusa viganja.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne," alisema. "Nimeona kinga zilizotolewa kwa uvivu, kwa haraka na kwa ubahili. Hii ni ya kwanza kuona iliyotolewa kwa ukarimu. Nani aliitoa?"

"Nadhani fundi Tadei. Alitoroka jioni ile ile, kabla sijamuuliza."

Mlango ulisukumwa kwa nguvu.

Aliyeingia alikuwa Winifrida, mke wa Othmar. Siku zote huingia na "Tumsifu Yesu Kristo." Leo hakusalimu mtu. Gauni lake lilikuwa na madoa ya dawa ya hospitali.

"Kidonda kimegeuka rangi," alisema. "Daktari anasema mkono unaweza kupona, lakini si hapa Mbinga. Kuna hospitali kubwa yenye bingwa wa mishipa. Kama Othmar hataondoka leo, saa tisa wanaukata, ili wamwokoe yeye."

"Basi waondoke!" alisema Asteria. "Wanangoja nini?"

"Wanangoja hiki." Winifrida alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Fomu ya ajali kazini. Ukisaini kama mwajiri, mfuko wa fidia utabeba matibabu na safari. Bima hatuna, dada. Unajua hatuna. Nimeuliza kila mlango."

Asteria alimgeukia mkaguzi. "Nikisaini?"

"Othmar anahudumiwa. Kisha maswali yanarudi kwako. Mahali hapa hapajasajiliwa. Ajali hukuitolea taarifa. Kinga haikuwepo. Utafikishwa mbele ya sheria, na mashine hii huenda usiiwashe tena."

"Nisiposaini?"

"Nitaendelea kuchunguza, na huenda nikafikia jibu lile lile. Lakini uchunguzi wangu hautakwisha kabla ya saa tisa."

Ilikuwa saa tano na robo.

Edmund alimvuta Asteria hadi penye magunia.

"Shemeji, tulia. Usisaini sasa. Tumtafute Tadei. Akikiri kwamba aliitoa kinga bila amri yako, kosa ni lake. Hapo utasaini kwa amani. Mkono wa Othmar unapona, na kiwanda kinabaki."

"Nimekusikia, mzee," alisema Nicholaus kutoka mlangoni. "Fundi akikiri, nitaandika. Lakini wajibu wa kuhakikisha kinga ipo ni wa mwenye mashine. Haubebwi na fundi akakimbia nao."

Asteria alisikia, msomaji, lakini hakutaka kusikia. Mtu anayezama hachagui kamba. Aliitia fomu kwenye mkoba wake.

"Winifrida, mdogo wangu, rudi kwa Othmar. Kabla ya saa tisa utapata jibu."

"Jibu lipi?"

Asteria alikuwa tayari anakimbilia pikapu ya Edmund.

"Dada! Jibu lipi?"

* * *

Mama yake Tadei alikuwa akiishi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Pikapu iliteremka kona baada ya kona, ubaridi wa Mbinga ukabaki nyuma, na joto la ziwa likaanza kuingia dirishani. Edmund aliongea njia nzima. Asteria alihesabu dakika.

Saa saba na nusu waligonga mlango wa mama yake Tadei. Hayupo. Walizunguka mji wakimuulizia, na saa nane na dakika ishirini wakafika ufukweni, ambako wanawake walikuwa wakigeuza usipa, dagaa wa ziwa hilo, juu ya vichanja.

"Mnamtafuta Tadei fundi?" aliuliza mmoja wao. "Yule pale kwenye boti inayokwenda Malawi. Tangu asubuhi anaibembeleza injini. Inamnunia kuliko mke."

Wenzake wakaangua kicheko. Asteria alikuwa amekwisha kuingia majini na viatu vyake.

Tadei aliinua kichwa. Spana ilimponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka."

"Siwezi, mama. Nikishuka nitafungwa."

"Nani kakwambia utafungwa?"

"Mtu akiumia mashineni, wa kwanza kushikwa ni fundi. Mimi ni maskini, nitamwambia nini hakimu?"

Edmund alifika akihema. "Utamwambia ukweli! Kwamba ulifungua kinga kwa akili yako mwenyewe. Andika hapa, tia saini, kisha nenda Malawi, nenda hata mwezini."

Tadei alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha alitikisa kichwa.

"Sikuifungua mimi."

"Mwongo!"

"Sikuifungua, mzee. Mimi nilikataa. Nilisema watu wawili wanatosha, wengine wakachambue kahawa. Aliyechukua spana ni Othmar mwenyewe. Nati zote nne. Alitumia spana yangu, namba kumi na saba."

Kisha Edmund alipiga makofi kama mtu aliyeona bao.

"Umepona, shemeji! Umesikia? Amejiumiza kwa mikono yake! Ataidai fidia gani mtu aliyefungua kinga mwenyewe? Twende. Tadei, panda garini, ukamwambie mkaguzi hivyo hivyo."

Asteria hakusogea. Maji yalikuwa yanagusa upindo wa kitenge chake.

"Tadei," alisema. "Othmar hajawahi kugusa kitu cha mtu bila ruhusa. Miaka ishirini haazimi hata panga bila kubisha hodi. Nani alimwambia aifungue?"

Tadei alitazama maji.

"Mama, unataka nijibu mbele ya watu?"

"Jibu."

"Ulipita na ndoo ya togwa. Ukasema, 'Othmar, majirani wamesimama bure, naona aibu, tafuta namna.' Akauliza, 'Nitoe hili dude?' Ukasema, 'Toa.'"

Asteria alifumba macho.

Alikumbuka. Alikuwa amelisema neno lile kama mtu anayesema sogeza kiti. Ndoo ilikuwa nzito, watu walikuwa wanaimba, na yeye alikuwa na furaha kwamba wamekuja wengi hivyo. Hakugeuka hata kutazama kama kinga imetoka. Siku mbili nzima alikuwa akimtafuta aliyetoa amri, na amri ilikuwa imetoka kinywani mwake.

"Nani mwingine alisikia?" Edmund aliuliza haraka.

"Othmar na mimi tu."

"Othmar yuko kwenye dawa, hajui hata jina lake." Edmund alishusha sauti. Sasa alikuwa mpole, na upole huo ulikuwa mbaya. "Na wewe, baba, unasafiri. Nani alikuzuia? Safari njema."

Tadei hakuwasha injini. Alikuwa anamngoja Asteria.

Simu ililia. Winifrida.

"Dada, ni saa nane na nusu." Hakuwa analia tena, sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Daktari ameniita. Amenionyesha mahali watakapokata, juu ya kiwiko. Amesema atangoja mpaka saa tisa kwa sababu mimi nimemsihi. Othmar ameamka. Ananiuliza kama kahawa yako imemenywa. Nimwambie nini?"

"Othmar anaulizia kahawa yangu?"

"Ndiyo. Anaona aibu kwamba ameharibu ngokela yako."

Asteria alikata simu. Alifungua mkoba, akatoa fomu, akaikunjua juu ya ubao wa boti.

"Tadei, una kalamu?"

Edmund aliirukia fomu. Aliinyakua, akarudi nyuma hatua tatu, maji yakampiga magotini.

"Shemeji, sikiliza! Ukisaini hii, kiwanda cha kaka yangu kimekwisha. Utaishi kwa nini? Mashitaka, faini, pengine jela. Mkono mmoja wa jirani unazidi maisha yako yote?"

"Lete, Edmund."

"Alikuja mwenyewe! Hukumpa hata shilingi!"

"Nilimpa amri."

Edmund aliibana fomu kifuani.

"Mkaguzi aliuliza kazi ilikuwa chini ya nani," Asteria aliendelea. "Siku nzima nimekuwa nikikimbia swali hilo, na nimelikuta hapa ziwani linaningoja. Lete karatasi, au niingie maji yote haya nikufuate?"

Wanawake wa usipa walikuwa wameacha kazi. Mmoja alisema kwa sauti, "Baba mzima unagombania karatasi na mjane! Mpe mwenzio."

Edmund aliirudisha. Pembe moja ilikuwa imelowa.

Asteria aliandika polepole, herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni na masista. Jina la mwajiri: Asteria Ndunguru. Jina la mfanyakazi aliyeumia: Othmar Kapinga. Chanzo cha ajali. Hapo alisita kidogo tu. Kisha aliandika: Kinga ya mkanda iliondolewa kwa amri yangu.

Akasaini. Tadei alishuka kwenye boti bila kuambiwa, akaipiga picha fomu kwa simu yake na kuituma kwa Winifrida. Kisha aliketi kwenye mchanga, akashika kichwa.

"Mimi pia nirudi Mbinga, mama," alisema. "Nitasema nilichosikia, na nitasema kwamba nilikimbia."

Dakika saba zilipita. Edmund alikuwa amegeukia ziwa, mabega yake yameanguka.

Simu ikaita.

"Wamepokea," alisema Winifrida, na safari hii alilia. "Mkaguzi yuko hapa kumhoji Othmar, ameisoma fomu na kuiridhia. Gari la wagonjwa limewashwa. Tunaondoka, dada. Tunaondoka na mkono wake!"

Asteria aliketi palepale majini. Alikuwa amepoteza kiwanda, mavuno, na jina lake zuri mbele ya serikali. Lakini kwa mara ya kwanza tangu juzi, alivuta pumzi ikafika chini.

Pumzi hiyo haikudumu.

Simu iliita tena. Alikuwa Aurelia, jirani yake wa nyumba ya tatu, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na wimbo. Nyuma ya wimbo kulikuwa na ngurumo ambayo Asteria aliifahamu kama mama anavyoifahamu sauti ya mwanawe.

"Dada Asteria! Futa machozi! Tumekuja ngokela!"

"Mmekuja nini?"

"Ngokela! Tuliona kahawa yako inaoza barabarani, tukasema haiwezekani, dada yetu ana matatizo na sisi tumekaa. Tuko watu ishirini! Magunia manane tumekwisha kumenya!"

"Aurelia, nani amewasha injini?"

"Sisi. Ile karatasi nyekundu usiogope, tumeibandua taratibu, haikuchanika hata kidogo. Tutaibandika tena tukimaliza."

Asteria alikuwa tayari amesimama, anakimbilia pikapu, simu sikioni. Tadei na Edmund walikimbia nyuma yake bila kujua kwa nini.

"Aurelia, nisikilize. Kinga. Mmefunga kinga?"

"Lile dude? Liko nyuma ya tangi. Tungeenea vipi watu ishirini?"

"Zima injini! Zima sasa hivi!"

"Unasemaje? Wanaimba, sikusikii!"

"Zimeni! Nimesaini, Aurelia! Mimi ndiye mwajiri wa mahali hapo, ninaamuru, zimeni!"

"Subiri, dada, subiri nitoke nje. Mnasukumana nini huko upande wa mkanda, jamani? Hilo gauni la nani li..."

Wimbo ulikatika.

Injini haikukatika.